Milango Miwili au Minne: Gari la Porini na Abiria Wake

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa na kuzikwa katika milima ya Usambara, alipanda gari mara mbili tu katika uhai wake, na mara zote mbili gari lenyewe lilikuwa Land Rover. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa masika, homa imemshika siku ya nne, na gari lililopatikana lilikuwa la jirani mmoja mfanyabiashara, fupi, la milango miwili, turubai juu na vibao viwili vya kukalia nyuma vikitazamana. Viti vya mbele vilikwisha kaliwa na dereva pamoja na mtu wa kumwonyesha njia, kwa hiyo mgonjwa hakuwa na pa kuingilia ila kwa nyuma. Wanaume wawili walimnyanyua, mmoja kwapani na mmoja magotini, wakampitisha juu ya bao la nyuma, na khanga yake ikanasa katika ndoano ya mnyororo ikapasuka mbele ya hadhara ya watu. Alipona homa ile, alhamdulillahi, akaishi miaka mingine kumi na mmoja, walakini kila alipohadithia safari hiyo hakutaja homa, wala mvua, wala utelezi wa kona za kuteremkia Mombo, alitaja khanga. Mara ya pili alipanda Land Rover ndefu ya milango minne, akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, akakanyaga kipandio, akaketi, akafunga. Nasi tuliokuwa pale tuliuona uso wake umekunjuka kama uso wa mtu aliyekaribishwa.

Nimeanza na khanga hiyo kwa sababu maalumu. Wenye magari ya porini wana ubishi wao wa miaka mingi, uvumao katika Marekani, Uingereza, Japani na Australia, na huku Afrika Mashariki pia, baina ya wapendao gari fupi la milango miwili na wapendao refu la milango minne. Ubishi huo umejaa hesabu za inchi, za digrii na za uzito, nao una elimu ndani yake, lakini katika yote niliyoyasikia na kuyasoma kwa muda mrefu, mtu ambaye haulizwi rai yake ni yule akaaye kiti cha nyuma. Mimi nashika kwamba mlango ni jambo la abiria kabla ya kuwa jambo la gari, na kwamba atakayeitazama tarehe ya magari haya kwa insafu ataona kuwa kila yalipotoka katika mikono ya askari na ya mkulima yakaingia katika maisha ya jamaa na vijiji, milango iliongezeka.

Hesabu yenyewe kwanza ifahamike, maana wengi huchanganyikiwa hapo. Wajapani na watu wa Ulaya huhesabu na mlango wa nyuma, kwa hiyo kwao gari fupi ni la milango mitatu na refu ni la mitano. Wamarekani huhesabu ile ya ubavuni peke yake. Katika makala hii nafuata hesabu ya ubavuni, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha nani ana mlango wake na nani hapewi.

Asili ya magari haya yote ni gari ambalo halikuwa na mlango hata mmoja. Jeep iliyoundwa na Willys-Overland mwaka 1941 kwa ajili ya jeshi la Marekani, ambayo baadaye Ford nayo ilipewa kazi ya kuiunda, ilikuwa na uwazi tu ubavuni ili askari aruke nje upesi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma palikuwa na inchi 80, yaani sentimita 203, kipimo kidogo mno kwa macho ya leo. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa uhandisi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep kuukuu katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, naye akawaza atatumia nini siku itakapokufa. Kutokana na wazo hilo, na kwa kuazima chasisi ya Jeep ili kuunda gari la majaribio, ilizaliwa Land Rover iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa nayo ina inchi zile zile 80 baina ya ekseli zake. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu na kilitolewa kwa kipimo katika Uingereza ya baada ya vita, na wateja waliokusudiwa walikuwa wakulima, watu wenye haja ya kuvuta jembe, kuzungusha mashine ya shambani kwa nguvu ya injini ya gari, na kupeleka kondoo mnadani. Mtu wa namna hiyo husafiri na mbwa wake na kamba yake, hana ulazima wa milango minne.

Lakini mkulima ana mke na watoto, na serikali ina maofisa, karani, tarishi na masanduku ya mafaili. Haukupita muda mrefu mahitaji yao yakafika kiwandani. Katikati ya miaka ya 1950 chasisi ilirefushwa hadi inchi 107 na juu yake ikawekwa bodi ya milango minne, na kabla ya muongo huo kwisha zikasimama namba mbili ambazo mafundi wetu wazee huzitaja hata leo kama watu watajavyo majina ya watoto wao, 88 kwa fupi na 109 kwa ndefu. Kule Uingereza hata sheria ya kodi ilitia mkono wake katika jambo hili, kwa kuwa Land Rover ndefu yenye viti kumi na viwili ilihesabiwa kuwa basi, ikasamehewa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari madogo; na hivyo mwenye familia kubwa alipata gari refu kwa nafuu ambayo mwenye gari dogo hakuipata.

Tuje sasa katika elimu ya ardhi, ambamo gari fupi lina hoja zake, na hoja hizo ni za kweli. Mwenye kutaka kuzifahamu na atazame gari likipanda juu ya tuta la udongo mgumu, kama lile la ukingo wa mfereji wa maji: magurudumu ya mbele hupanda, hufika kileleni, huanza kushuka upande wa pili, na wakati huo ya nyuma bado yako chini upande huu, kwa hiyo kilele cha tuta kinapita chini ya tumbo la gari. Kadiri ekseli zinavyotengana ndivyo tumbo linavyokuwa karibu na kilele, hata gari likakalia tumbo, magurudumu yakazunguka bila ya kushika ardhi, na watu wakashuka kutafuta jembe. Katika Jeep Wrangler ya namna ya Rubicon iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2017, gari la milango miwili lina sentimita 246 baina ya ekseli na la milango minne lina 301. Pembe za mbele na za nyuma, zile zinazohukumu kama pua au mkia utagota, zinakaribiana kabisa katika magari hayo mawili, bali pembe ya tumbo ni digrii 27.8 kwa fupi na 22.6 kwa refu. Digrii tano huonekana kitu kidogo katika karatasi. Juu ya mwamba ndizo zinazotenga aliyepita na aliyekwama. Kadhalika gari fupi hugeuka katika nafasi finyu, na katika njia ya msituni yenye miti pande zote mbili hulazimiki kurudi nyuma mara tatu ili kukata kona moja.

Hata hivyo haki haikamiliki kwa kusikiliza upande mmoja. Katika mlima mkali gari fupi huinua pua kama punda mkaidi, uzito wote ukarudi nyuma na usukani ukawa mwepesi mkononi, ilhali refu hutambaa juu likiwa limetulia. Na katika kuteremka fupi hutaka kupinduka kwa mbele au kugeuka ubavu pale matairi yatelezapo. Katika barabara zetu za vumbi zenye mikunjo kama bati, na msafiri wa Tanzania au Kenya hutumia saa nyingi zaidi katika mikunjo hiyo kuliko juu ya miamba, gari fupi hunesanesa mbele na nyuma pasipo kupumzika hata abiria akashuka na maumivu ya kiuno. Nililimiliki 88 kwa miaka sita katika ujana wangu, nikalipenda kwa mapenzi ambayo sijalipa gari jingine, na ushuhuda wa kiuno ninautoa kwa dhati.

Kipimo kikubwa cha hoja hizi katika Afrika Mashariki ni Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ili kukusanya fedha za kujenga ua wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare, kwa ajili ya kuwahifadhi faru na kuyalinda mashamba ya wanavijiji dhidi ya wanyama. Mshindi hapatikani kwa mbio; kila gari hupewa saa kumi kupita vituo kumi na vitatu vilivyotawanyika porini pasipo barabara, na anayetumia kilomita chache zaidi ndiye wa kwanza, kwa hiyo dereva hukata moja kwa moja juu ya mabonde na mawe ambayo mtu wa miguu angeyakwepa. Katika mchezo kama huo kila sentimita ya tumbo ina thamani yake, na wapenzi wa gari fupi huutaja kuwa hoja yao kuu. Ua huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009, na kwangu mimi huo ndio utukufu wa mashindano yale. Pembe za magari zilisaidia, nami sizinyimi sifa zake. Ila Rhino Charge ni siku moja katika mwaka, na ndani ya gari huwa hakuna bibi wala mtoto.

Siku nyingine zote za mwaka ni za safari, na safari za huku kwetu ni za watu wengi. Aliyekua katika vijiji vya Tanganyika na Kenya zama za Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa kikoloni, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru, anakumbuka kwamba Land Rover haikuwa gari la fahari ya mtu mmoja. Ilikuwa ya boma, ya polisi, ya hospitali ya misheni, ya mabwana shamba, ya askari wa wanyamapori, na sauti ya giaboksi yake ikisikika kutoka bondeni watu walijua kwamba serikali inakuja, au daktari anakuja, au maiti ya ndugu inarudishwa nyumbani. Ndani ya 109 ya milango minne walikaa watatu mbele, watatu katikati, na wanne katika vibao vya nyuma, kisha wakaongezwa wengine kwa huruma ya dereva. Na kila mmoja alijua daraja yake kwa mlango alioingilia. Ofisa na mgeni waliingia ubavuni, askari na tarishi nyuma. Katika miji yetu ya pwani, ambako nyumba ya mtu mwenye jaha ilijulikana kwa nakshi za mlango wake kabla hujamjua mwenyewe, hapana aliyehitaji kufunzwa maana ya jambo hilo.

Hapa pana nukta ambayo wabishi wengi huipita upesi. Gari refu si lazima liwe la milango minne, na ushahidi upo mbele ya macho yetu kila siku katika Land Cruiser ambayo Watanzania huiita mkonga, kwa ajili ya bomba lake la kuvuta hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa mithili ya mkonga wa ndovu. Ile ya namba 78 ina sentimita 298 baina ya ekseli, ndefu kuliko 109 na ndefu kuliko Land Rover Defender 110 ya zamani, na bado ubavuni ina milango miwili tu. Abiria wote wa nyuma huingia kwa milango ya nyuma na kuketi katika vibao virefu wakitazamana. Hakuna gari lililofanya kazi kubwa zaidi katika wilaya zetu za mbali kuliko hilo. Limekuwa gari la wagonjwa, gari la chanjo, gari la polisi na la waokoaji, na machela huingia ndani yake kwa urahisi ambao gari la milango minne lisingeweza kuutoa, maana viti vya katikati vingezuia. Nalitaja kwa heshima, na nakiri kwamba linaipinga hoja yangu kwa nusu: mgonjwa aliyelala hana haja ya mlango wa ubavuni. Nusu ya pili inabaki pale pale, kwa sababu yule yule mgonjwa akipona na kurudishwa nyumbani akiwa ameketi, hurudi kwa kupandishwa nyuma.

Na mafundi wa Arusha wametoa jibu lao tangu zamani, tena kwa vitendo. Katika gereji za mji ule, ambao ndio lango la kwendea Ngorongoro na Serengeti, gari la watalii hukatwa katikati, chasisi ikarefushwa na kuchomelewa upya, bodi ikaongezwa kipande na mlango, viti vikapangwa viwili viwili ili kila mgeni apate dirisha lake, na paa likatobolewa liweze kuinuliwa wakati wa kuwatazama wanyama. Fundi bodi anayefanya kazi hiyo hana karatasi ya pembe za kiwanda; anajua kwamba mgeni aliyetoka mbali hatakubali kuruka juu ya kiti cha mwenzake kila anapotaka kushuka, na kwamba njia za mbugani, nje ya masika, hupitika kwa gari refu bila ya shida. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walipokusanyika Arusha kwa mamia na kupita katika barabara za mji kwa msafara mmoja, fupi na ndefu, za boma la zamani na za watalii, ilikuwa kama kuona daftari la historia ya nchi likifunguliwa ukurasa baada ya ukurasa.

Marekani ubishi huu ulichukua sura nyingine, maana kule Jeep ilikwisha kuwa alama ya mtu na uhuru wake. Tangu Jeep ya kiraia ya mwaka 1945 hadi Wrangler iliyokuja mwaka 1986, mtindo ulikuwa ule ule, gari fupi lisilozidi milango miwili, ambayo huondolewa na kuachwa nyumbani wakati wa joto. Wenye magari hayo wana desturi ya kupungiana mkono wapishanapo njiani ingawa hawajuani. Kila mwaka wakati wa Pasaka hukusanyika Moab, katika jimbo la Utah, kwa safari za miambani zilizoanza mwaka 1967. Na tangu mwaka 2020, kwa tendo la mwanamke mmoja wa Ontario, Kanada, aliyetaka kumfurahisha mtu asiyemjua, huachiana bata wadogo wa plastiki juu ya magari yao. Nimesikia watu wakiwabeza kwa mambo hayo, nami siungani nao. Salamu kwa mgeni njiani ni adabu njema popote ilipo, na sisi watu wa pwani, ambao kumpita mtu kimya huhesabiwa ukosefu wa malezi, tungekuwa wa kwanza kuwaelewa.

Basi mwaka 2006, katika maonyesho ya magari ya New York, ilipoonyeshwa Wrangler ya kwanza ya milango minne, baadhi ya ndugu hao waliona kama nyumba yao imevunjwa. Walisema kwamba hiyo si Jeep, ni gari la kupelekea watoto shuleni. Na wengine wakawanyima wenye gari hilo hata ile salamu ya mkono. Hata hivyo watu hao hao, au baba zao, walikwisha kusema maneno ya namna hiyo mwaka 1986 kwa sababu taa za Wrangler zilikuwa za mraba badala ya duara, na leo gari lile la taa za mraba hutafutwa na kutunzwa kama kito. Kiwanda kilikwisha kujaribu njia ya kati mwaka 2004, kwa kurefusha Wrangler inchi kumi na kuiacha na milango miwili, gari zuri ambalo wengi hulisifu, lakini halikudumu zaidi ya miaka miwili mitatu, kwa kuwa walichokosa watu hakikuwa urefu pekee. Ilipokuja milango minne, haukupita muda mrefu magari hayo yakawa mengi barabarani kuliko ya milango miwili. Ford nayo, iliyouza Bronco ya milango miwili tu kutoka 1966 hadi 1996, ilipoirudisha mwaka 2021 haikuthubutu kuileta bila ya ile ya milango minne kando yake.

Niliwahi kulizungumza jambo hili na mzee mmoja fundi wa Land Rover pale Tanga, mtu ambaye mikono yake imefungua giaboksi nyingi kuliko nywele za ndevu zake. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaendelea kupangusa plagi kwa kitambaa, nami nikamwuliza lipi kati ya mawili ndilo Land Rover ya haki. Akasema, “Mwanangu, fupi ni gari la dereva. Ukilikamata unajua uko kazini, linakutii, linakupeleka hata shimoni ukitaka. Hilo refu dereva hulitumikia.” Nikamwuliza, basi yeye mwenyewe ana lipi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa mwembe, ambako ilisimama 109 ya milango minne, rangi imepauka, kiti cha katikati kimetandikwa mkeka. Akaniambia kwamba mkewe ana ugonjwa wa magoti, na kila Ijumaa humpeleka kwa dada yake Pangani. Akarudi katika plagi zake.

Tangu siku hiyo sijaona ajabu kwamba mtu aweza kulipenda gari moja na kulichagua jingine, wala sidhani kwamba huo ni unafiki. Mapenzi ya gari fupi ni mapenzi ya kweli ya sanaa, kama nahodha apendavyo mtepe mdogo wa kukata mawimbi. Na maadamu anasafiri peke yake au na sahibu yake mmoja, na njia yake ni ya miamba na misitu, afanye kama moyo wake utakavyo, nami nitamwunga mkono mbele ya yeyote. Ninalolikataa ni ile dharau ya kusema kwamba gari la milango minne si gari la porini la kweli, kana kwamba ukweli wa gari hupimwa kwa uchache wa watu linaowabeba. Defender ya zamani, iliyofikia ukomo wake kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, ilitoka ikiwa na sura zote, fupi ya 90 na ndefu ya 110, na hapana aliyeinyima moja jina la nyingine. Na Defender mpya iliyoonyeshwa Frankfurt Septemba 2019 ilianza kuuzwa kwa ile 110 ya milango minne, 90 ikafuata nyuma.

Kama yuko bado mwenye shaka juu ya mambo watu wanayoyataka hasa, atazame kisa cha Suzuki Jimny, gari dogo kuliko yote haya na lenye wapenzi wengi mno, Wakenya wakiwamo. Kwa zaidi ya nusu karne, tangu mwaka 1970, Jimny ilijulikana kwa ufupi wake na kwa milango yake miwili, na ile iliyotoka mwaka 2018, yenye sentimita 225 baina ya ekseli, ilipita mahali ambapo magari ya bei mara tatu yake yalikwama. Ila nyuma ya viti vyake palibaki lita 85 tu za mzigo, nafasi isiyotosha kapu la sokoni na begi la mtoto. Mwezi Januari 2023, huko India, Suzuki ilionyesha Jimny ya milango minne, imerefushwa sentimita 34, na mahali pa mzigo pamekuwa lita 208. Mashabiki wa zamani walinung'unika kama kawaida. Kisha gari hilo likapelekwa Japani kwenyewe, kwa jina la Nomade, likatangazwa tarehe 30 Januari 2025, na kampuni ikiwa imekusudia kuuza 1,200 kwa mwezi ilipokea maagizo takriban 50,000 katika siku nne, ikalazimika kusimamisha kupokea mengine. Watu hao elfu hamsini hawakuwa wageni wa Jimny. Ni dhahiri kwamba walikuwa wakiisubiri siku zote, na lililowazuia lilikuwa ni mlango.

Basi ewe msomaji, kama unakusudia kununua gari la porini, katika yadi ya Dar es Salaam au ya Mombasa au popote ulipo, nakuomba usiende peke yako. Mchukue mama yako, au shangazi yako, au mzee yeyote wa nyumbani kwako, akiwa amevaa nguo zake anazotokea siku zote, umwombe aingie kiti cha nyuma pasipo kusaidiwa na mtu, aketi, afunge, kisha ashuke. Nawe usimame kando umtazame, na maneno ya bei uyaanze baada ya hapo.